Magadi na Chokaa: Historia ya Kabonati katika Msamiati wa Kiswahili na Funzo Lake kwa Uundaji wa Istilahi

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya maneno mawili ya Kiswahili, magadi na chokaa, kama majina ya kale ya jamii ya kemikali ambazo leo huitwa kabonati. Yanaonyesha kwamba wasemaji wa Kiswahili na majirani zao walizijua kabonati kwa kazi zake karne nyingi kabla ya sayansi kuzitambua kwa muundo wake, na kwamba istilahi za kimataifa za kemia zenyewe zilichimbuka katika maneno ya jikoni na tanuuni ya lugha nyingine. Hoja kuu ni kuwa istilahi mpya zilipoingizwa katika Kiswahili hazikufungwa kamba na maneno haya ya kale. Pengo lililobaki linamgharimu mwanafunzi uelewa, na linaweza kumgharimu mtumiaji wa kawaida usalama wake. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo ya kuliziba pengo hilo.

1. Utangulizi

Darasa la kawaida la Afrika Mashariki limejengwa kwa kabonati. Saruji ya sakafu yake ilianza safari ikiwa mawe ya chokaa. Kuta zimepakwa chokaa. Chaki iliyo mkononi mwa mwalimu, kama haikutengenezwa kwa jasi, ni kabonati ya kalsiamu. Maharage yanayochemka katika jiko la shule huenda yametiwa magadi ili yaive upesi. Hata hivyo, mwanafunzi anayekaa katikati ya vitu hivi vyote hufundishwa kwamba kabonati ni kitu kinachopatikana katika chupa ya maabara. Hufundishwa hivyo kwa jina ambalo halimkumbushi chochote alichokwisha kukiona, kukigusa au kukila.

Wataalamu wa istilahi wamezoea kulieleza tatizo hili kama upungufu wa maneno: Kiswahili hakina neno, basi tulikope au tulibuni. Makala haya yanachukua njia nyingine. Yanadai kwamba katika uwanja huu Kiswahili hakikuwa na upungufu wa maneno, bali kilikosa daraja kati ya maneno yaliyokuwepo na maneno yaliyokuja. Ili kulithibitisha dai hilo, tutaanza pwani kwenye chokaa, tuingie bara kwenye magadi, kisha tutazame jinsi neno kabonati lilivyozaliwa Ulaya na jinsi lilivyotufikia kupitia viwanda na vitabu vya shule.

2. Chokaa: elimu ya tanuu la pwani

Ustaarabu wa mawe wa Waswahili ulisimama juu ya kabonati ya kalsiamu. Katika kibla cha msikiti wa Kizimkazi, Unguja, kuna maandishi yaliyochongwa yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 Miladia. Katika karne ya 14, Sultani al-Hasan ibn Sulaiman alijenga Husuni Kubwa huko Kilwa, na Msikiti Mkuu wa Kilwa ukapanuliwa kwa kuba na matao. Wareno waliofika Kilwa mwaka 1505 walikuta mji wa nyumba za mawe na chokaa. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981.

Mafundi wa majengo haya walitofautisha aina mbili za mawe ambayo kwa mkemia ni kitu kimoja. Kulikuwa na mawe magumu ya matumbawe ya kale yaliyochimbwa nchi kavu, ambayo yalijengewa kuta. Kulikuwa pia na matumbawe laini yaliyokatwa baharini yakiwa mabichi. Haya huchongeka kwa urahisi yakiwa na maji, na hukakamaa yakikauka, kwa hiyo yaliwafaa wachongaji wa mihrabu, viunzi vya milango na vidaka. Ujuzi wa kuchagua jiwe ulikuwa ujuzi wa wakati: fundi aliyechelewa kuchonga alikuta jiwe limekwisha kumkatalia.

Mawe hayo yaliunganishwa kwa chokaa, na chokaa ilitokana na mawe hayohayo. Magogo yalipangwa kwa duara, vipande vya matumbawe vikarundikwa juu yake, kisha tanuu likatiwa moto. Leo tunaweza kuieleza kazi hiyo kwa lugha ya kemia. Kabonati ya kalsiamu ikipata joto la karibu nyuzi 900 za Selsiasi huvunjika: hewa ya ukaa hutoka, na oksidi ya kalsiamu hubaki. Katika kila kilo 100 za jiwe safi, kilo 44 hupaa angani na kilo 56 tu hubaki tanuuni. Kinachobaki kina kiu kali ya maji. Kikimwagiwa maji huchemka, hutoa joto jingi, kisha hugeuka unga laini ambao ni hidroksidi ya kalsiamu. Unga huo ukichanganywa na mchanga na kupakwa ukutani hunyonya tena hewa ya ukaa polepole, na mwishowe hurudi kuwa kabonati. Kwa maneno mengine, ukuta wa Mswahili ulikuwa jiwe lililovunjwa kwa moto, likalainishwa kwa maji na kurudishwa ujiweni na hewa.

Mafundi waliujua mzunguko huu kwa mikono, ingawa hawakuueleza kwa fomula. Walijua kwamba chokaa iliyotoka tanuuni haifai kutumiwa papo hapo, na kwamba ni lazima iachwe ilainike kwa muda mrefu kabla ya kujengea. Chokaa hiyo iliingia pia katika maisha ya ndani. Katika uraibu wa pwani, jani la tambuu hupakwa chokaa kidogo, hutiwa popoo na pengine tumbaku, kisha hutafunwa. Ualikali wa chokaa ndio unaokifungua kileo cha popoo. Neno moja, chokaa, lilitosha kwa ukuta na kwa tambuu, kwa sababu fundi na mtafunaji walikuwa na ujuzi wa kutambua ni chokaa ipi inayotakiwa. Tutaona baadaye kwamba neno halikubadilika, lakini ujuzi huo haukusafiri nalo.

Kabla ya kuiacha pwani, inafaa kuitaja kabonati nyingine ya bahari iliyofika mbali zaidi kuliko chokaa. Makombe ya kauri, ambayo pia huitwa simbi, yameumbwa kwa kabonati ya kalsiamu. Yalibebwa na misafara hadi Buganda, ambako yalikuwa fedha. Hata leo neno la Kiganda la fedha ni ensimbi. Mwananchi wa Kampala anapohesabu noti zake, hutaja kwa ulimi wake kombe la baharini ambalo pengine hajapata kuliona.

3. Magadi: elimu ya chungu cha bara

Bara hapakuwa na matumbawe, lakini Bonde la Ufa lilikuwa na hazina yake. Maji yanayopita katika miamba ya volkeno huyeyusha sodiamu na kabonati, huingia katika maziwa yasiyo na mto wa kuyatoa, kisha jua huyakausha. Kinachobaki ni tabaka la magadi. Ndivyo lilivyo Ziwa Magadi la kusini mwa Kenya, na ndivyo lilivyo Ziwa Natron la kaskazini mwa Tanzania. Ndani ya kreta ya Ngorongoro pia kuna ziwa liitwalo Magadi, ambalo jina lake jingine ni Makat. Kwetu Uganda, ziwa la kreta la Katwe hutoa chumvi iliyochanganyika na magadi, na daraja zake duni hulishwa mifugo. Katwe ilikuwa mali ya kugombaniwa. Lugard alipofika magharibi mwa Uganda mwaka 1891, alijenga ngome papo hapo, kwa kuwa aliyeishika chumvi aliushika pia uchumi wa wafugaji na wakulima walioizunguka.

Magadi ya ziwani kwa kawaida ni madini yaitwayo trona, ambayo ndani yake kabonati ya sodiamu na bikabonati ya sodiamu zimeshikana pamoja na maji. Watumiaji wake hawakuhitaji kuzitenganisha. Waliyatia katika maharage na makande ili ngozi ya punje ilegee. Waliyachanganya na tumbaku ya kunusa ili iwe kali. Waliwapa ng'ombe wayalambe. Kila moja ya kazi hizi ni kazi ya alikali: kulegeza kuta za chembe za mmea, kufungua nikotini na kuupatia mwili wa mnyama sodiamu.

Mahali ambapo magadi ya ziwani hayakufika, watu waliyatengeneza. Waluhya wa magharibi mwa Kenya huchuja maji kupitia majivu ya mimea na kupata munyu musherekha. Waacholi na Walango wa Uganda kaskazini hupata kado atwona kwa njia hiyo, Wateso hupata abalang, na Wachewa wa Malawi hupata chidulo. Mboga kama mlenda na bamia hupikwa kwa maji hayo, zikalainika na kubaki na rangi ya kijani. Kinachofanya kazi humo kwa sehemu kubwa ni kabonati ya potasiamu, ndugu wa karibu wa kabonati ya sodiamu. Hapa pana jambo la kuzingatiwa na mwanaisimu: jamii ambazo lugha zake ni za nasaba tofauti, Kibantu na Kiniloti, zilifikia maarifa yaleyale na kuyapa majina. Kila mpishi aliyebadilisha majivu kwa magadi, au magadi kwa majivu, alikuwa amekwisha kutambua kwamba vitu viwili vyenye sura tofauti ni vya jamii moja. Utambuzi huo ndio mwanzo wa dhana ya kabonati.

Sisemi kwamba maarifa hayo yalikuwa kamili. Magadi ya Bonde la Ufa mara nyingi huwa na floridi nyingi, na utafiti wa afya ya meno kaskazini mwa Tanzania umeyahusisha magadi ya kupikia na madoa ya meno ya watoto. Mpishi alijua kazi ya magadi, lakini hakuwa na njia ya kujua yaliyofichama ndani yake. Kwa hiyo sayansi ina la kumwambia, maadamu izungumze naye kwa jina la kitu anachokijua.

4. Neno kabonati lilikotoka

Ulaya ya karne ya 18 ilikuwa na wingi wa majina kama tulivyokuwa nao sisi. Kemikali moja iliitwa chumvi ya tartari na mtu wa mvinyo, na alikali ya mimea na mwenye duka la dawa. Ilidhaniwa kwamba chokaa iliyotoka tanuuni huunguza kwa sababu imekunywa moto. Daktari wa Uskoti, Joseph Black, aliipindua dhana hiyo katika tasnifu yake ya mwaka 1754 na makala yaliyofuata mwaka 1756. Kwa kupima uzito kabla na baada ya kuchoma, alionyesha kwamba jiwe halikunywa kitu chochote tanuuni, bali lilipoteza hewa. Hewa hiyo aliiita hewa iliyofungwa. Ndiyo hewa tunayoiita leo hewa ya ukaa.

Mwaka 1787, Wafaransa wanne, Guyton de Morveau, Lavoisier, Berthollet na Fourcroy, walichapisha mfumo mpya wa majina ya kemia. Kanuni yao ilikuwa moja: jina la kitu lionyeshe kilichomo ndani yake. Tamati ya neno ikapewa kazi ya kisarufi, na chumvi zote zitokanazo na asidi ya kaboni zikaitwa kabonati. Kwa mwanaisimu, huu ni mfano bora wa upangaji lugha uliofanikiwa. Watu wanne waliunda mofolojia ya kubuni, na baada ya zaidi ya karne mbili dunia nzima bado inaitumia.

Hata hivyo, mashina waliyoyatumia hayakuwa ya kubuni. Kaboni ni Kilatini cha mkaa. Kalsiamu imetokana na neno la Kilatini lililomaanisha chokaa. Alikali ni Kiarabu, al-qaly, yaani majivu ya mimea ya chumvichumvi. Alama K ya potasiamu inatokana na neno hilohilo, na alama Na ya sodiamu inatokana na natron, jina la magadi ya Misri ambalo bado limo katika jina la bonde la Wadi Natrun, na ambalo kwa kupitia Kijerumani lilipachikwa kwenye ziwa letu la Tanzania. Mkaa, chokaa, majivu na magadi: maneno manne ya jikoni na tanuuni ndiyo yaliyozaa istilahi za maabara. Anayesema kabonati ya kalsiamu amesema, kwa asili ya maneno, chumvi ya mkaa na chokaa.

Jambo hili linaubadilisha mjadala wetu wa istilahi. Mara nyingi huelezwa kwamba maneno ya kienyeji ni mazito mno, yamechafuliwa na matumizi ya kila siku, na hayawezi kubeba dhana ya kisayansi. Historia inaonyesha kinyume chake. Istilahi tunazozikopa kwa heshima ni maneno ya kienyeji ya watu wengine. Tofauti ni kwamba Mfaransa anayesikia neno kaboni anaweza bado kusikia mkaa ndani yake, ilhali Mswahili husikia sauti tupu. Na pale Kiswahili kilipothubutu, kilifanikiwa: hewa ya ukaa, jina lililojengwa katika shina la mkaa, limekuwa neno la kawaida la vyombo vya habari katika mjadala wa tabianchi. Msikilizaji asiyejua kemia hukisia mara moja kwamba linahusu moshi na uchomaji.

5. Kiwanda na volkeno

Kabonati ziliingia katika historia ya kikoloni ya eneo letu kama mali ya kiwandani. Kampuni ya Magadi Soda iliundwa mwaka 1911, na tawi la reli kutoka Konza lilikamilika mwaka 1915 ili kuyabeba magadi hadi baharini. Mwaka 1924 kampuni hiyo iliingia mikononi mwa Brunner Mond ya Uingereza, na mwaka 2005 ikawa chini ya Tata Chemicals ya India. Soko lake kubwa ni viwanda vya kioo, kwa sababu kabonati ya sodiamu hushusha kiwango cha joto kinachohitajika kuyeyusha mchanga. Viwanda vya sabuni pia huihitaji.

Nchi zisizo na maziwa ya magadi zililazimika kuyatengeneza. Mfaransa Leblanc alibuni njia yake mwishoni mwa karne ya 18, lakini ilitoa moshi wa asidi ulioharibu mashamba, hata Uingereza ikatunga sheria ya kuudhibiti mwaka 1863. Kuanzia miaka ya 1860, Mbelgiji Ernest Solvay aliiondoa sokoni polepole njia hiyo kwa njia yake ya amonia, ambayo malighafi zake ni chumvi ya kawaida na mawe ya chokaa. Kwa hiyo magadi ya Ulaya yalitoka katika chokaa, wakati magadi yetu yalikuwa yamelala ziwani yakingoja kuchotwa.

Mawe ya chokaa nayo yakazaa saruji. Uganda haina matumbawe, lakini ina kilima cha Tororo, na kiwanda cha saruji kilianzishwa hapo mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mawe ya Tororo yana historia ya pekee. Si mabaki ya viumbe wa baharini. Ni kabonati iliyopanda kutoka chini ya ardhi ikiwa imeyeyuka. Mwanajiolojia wa Norway, W. C. Brøgger, aliyapa mawe ya namna hiyo jina la kabonatiti mwaka 1921, na kwa miaka mingi wenzake wengi walikataa kuamini kwamba volkeno inaweza kutapika kabonati.

Jibu lilitoka Tanganyika. Mwaka 1960, mwanajiolojia J. B. Dawson alipanda Oldoinyo Lengai, mlima ambao kwa Kimaasai maana yake ni Mlima wa Mungu, akakuta lava ya kabonati ya sodiamu ikitiririka. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1962. Lava hiyo ina joto chini ya nyuzi 600, karibu nusu ya joto la lava ya kawaida. Hutoka ikiwa nyeusi, na ikipatwa na unyevu hugeuka nyeupe. Volkeno hiyo ndiyo pekee duniani iliyoshuhudiwa ikitoa lava ya namna hiyo. Madini yake mawili makuu yakapewa majina: gregoriti, kwa heshima ya mwanajiolojia J. W. Gregory aliyelichunguza Bonde la Ufa, na nyerereiti, kwa heshima ya Julius Nyerere.

Nyerereiti ni kabonati ya sodiamu na kalsiamu kwa pamoja. Kwa lugha ya makala haya, ni magadi na chokaa katika fuwele moja. Ni jambo la kutafakariwa kwamba madini yanayouunganisha msamiati wa bara na wa pwani yamebeba jina la kiongozi aliyefanya mengi kuliko wengine kukipa Kiswahili hadhi ya lugha ya taifa. Na ni vigumu kumpata mwanafunzi wa Kampala, Nairobi au Dodoma aliyewahi kuambiwa hivyo.

6. Pengo la istilahi

Kazi ya kuunda istilahi za sayansi kwa Kiswahili si ngeni. TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na BAKITA, iliyoundwa mwaka 1967, imeendelea kusanifisha. Hata hivyo, mambo matatu bado yanahitaji mjadala wa kikanda.

La kwanza ni kutokulingana. Maandishi ya Kiswahili hutumia kabonati na pia kaboneti; hutumia sodiamu, na mahali pengine natiri. Umbo la kabonati linafuata mwandiko wa asili, wakati kaboneti linafuata matamshi ya Kiingereza. Mimi napendekeza kabonati, kwa kuwa linakaribiana na umbo linalosomwa na majirani zetu wa Kongo, Rwanda na Burundi waliosoma kemia kwa Kifaransa. Lugha ya kikanda haipaswi kumtaka Mkongomani ajifunze kwanza Kiingereza ndipo aielewe tahajia ya Kiswahili.

La pili ni uzito. Neno chokaa leo hutumika kwa vitu vitatu: jiwe lenyewe au unga wake, ambao hauunguzi, oksidi inayotoka tanuuni, ambayo huchemka ikiguswa na maji na inaweza kupofusha jicho, na hidroksidi, ambayo hupakwa ukutani na bado huchubua ngozi. Mkulima hushauriwa atie chokaa shambani kupunguza asidi ya udongo. Mfugaji hushauriwa amwage chokaa bandani. Mama hununua chokaa ya kupaka nyumba. Fundi wa Kilwa aliijua tofauti kwa kuwa alisimama kando ya tanuu. Mnunuzi wa leo hukutana na mfuko uliofungwa, na neno lililoandikwa juu yake ndilo ujuzi wote alio nao.

Magadi yana hatari inayofanana. Magadi ya ziwani, bikabonati ya kuumulia maandazi na kabonati safi ya kiwandani huweza kuitwa kwa jina lilelile. Mtengenezaji wa sabuni wa nyumbani anapaswa pia kuvitofautisha vyote hivyo na kostiki soda, ambayo huunguza mwili. Na hapa kuna ukweli wa kemia unaopaswa kufundishwa kwa maneno ya Kiswahili cha kawaida: myeyusho wa magadi ukichanganywa na chokaa iliyozimwa, kabonati huyahama magadi na kuhamia kwenye chokaa, na kinachobaki majini ni kostiki soda. Vitu viwili vinavyokaa kwa amani jikoni na ukutani vikikutana huzaa kitu cha tatu kisichofanana na chochote kati yao. Anayejua maneno ya matumizi tu hawezi kulitabiri jambo hilo. Anayejua fomula tu hawezi kumwonya jirani yake.

La tatu ni ufundishaji. Sera za lugha katika nchi nyingi za ukanda huu zimeiacha kemia ya sekondari mikononi mwa Kiingereza au Kifaransa. Uganda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, lakini lugha haiwi rasmi kwa tamko pekee. Huwa rasmi siku inapoweza kumweleza mtu kwa nini asimwage maji juu ya mfuko fulani wa chokaa.

Kutokana na hayo, napendekeza hatua nne. Kwanza, kamusi za istilahi ziwe na kipengele cha jina la kale katika kila kidahizo kinachohusika: kabonati ya sodiamu ielekeze kwenye magadi, na magadi yaelekeze kwenye kabonati ya sodiamu. Pili, chokaa ipewe vivumishi vya lazima katika maandishi ya kitaalamu na kwenye vifungashio: jiwe la chokaa, chokaa isiyozimwa na chokaa iliyozimwa. Vivumishi hivi vinaeleweka bila mwalimu. Tatu, vitabu vya sayansi vieleze asili ya istilahi za kukopa, ili mwanafunzi ajue kwamba kaboni ni mkaa na alikali ni majivu. Nne, vyama vya Kiswahili vya kanda vikusanye msamiati wa wachoma chokaa, wachota magadi na wapishi wa maji ya majivu, pamoja na majina ya lugha jirani kama musherekha na abalang, kabla wajuzi wake hawajamalizika.

7. Hitimisho

Kemia ilisonga mbele Ulaya pale ilipoacha kuviita vitu kwa matumizi yake na kuanza kuviita kwa kilichomo ndani yake. Hayo yalikuwa mapinduzi ya kweli, na Kiswahili hakina sababu ya kuyakwepa. Lakini mapinduzi hayo yalijengwa kwa maneno ambayo mpishi na mchoma chokaa wa Ulaya waliyajua tayari. Sisi tulipokea jengo bila msingi wake, ingawa msingi wa namna hiyo tulikuwa nao.

Kuyarudisha magadi na chokaa katika somo la kabonati hakumaanishi kurudi nyuma. Istilahi mpya italigawa neno la kale pale linapobeba mengi kupita kiasi, na neno la kale litaipa istilahi mpya mwili pale inapokuwa sauti tupu. Kazi hiyo haihitaji bajeti kubwa wala maabara mpya. Inahitaji mwanakamusi na mwalimu wa kemia wakae meza moja, wakiwa na kipande cha tumbawe na kiganja cha magadi mbele yao.